Jinsi Wadogo Zangu Walivyoinuka kutoka Chini

Mdogo wangu alikuwa na miguu minene. Hilo ndilo jambo la kwanza wageni walilolisema walipoingia kwetu na kumkuta akicheza kwenye nyasi tulizotandaza sakafuni. Vigimbi vyake vilijaa kama vya mwanaume anayebeba magunia. Tata, ndivyo tulivyomwita baba kwa Kihaya, alikuwa akimshika mguu na kuuminya mbele ya wageni. "Huyu ndiye atakayenipandishia kahawa mlimani," alisema, na watu walicheka kwa furaha, kwa sababu alikuwa mtoto wa kiume wa kwanza na alikuwa amezaliwa mwaka uliofuata Uhuru.

Nyumba yetu ilikuwa nje kidogo ya Kamachumu, katikati ya kibanja cha migomba na mibuni ambacho babu alikiacha. Tulizaliwa wanne. Mimi ndiye wa kwanza, akafuata huyo mdogo wangu, kisha dada yetu, kisha kitindamimba, naye wa kiume. Kwa miaka mingi sikuwa na sababu ya kufikiria kwamba mpangilio huo, msichana, mvulana, msichana, mvulana, ungekuwa na maana yoyote.

Alichelewa kutembea. Mama alisema wengine huchelewa. Alipotembea, alitanguliza tumbo na kukanyagia vidole, kama mtu anayenyata. Na alikuwa na namna yake ya kuinuka kutoka chini. Kwanza aligeuka akainama kwa mikono na magoti, akanyoosha makalio juu, kisha akaweka mkono mmoja kwenye goti, na mwingine kwenye goti la pili, akapanda na mikono yake juu ya mapaja kidogo kidogo mpaka akasimama wima. Sisi watoto tuliona ni mchezo. Mimi na dada yangu tulimwiga, tukashindana nani anaweza kuinuka kama yeye, na yeye mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote.

Alipoanza shule, mchezo ukaisha. Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, na kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza tulikimbia mchakamchaka kuzunguka kiwanja tukiimba nyimbo za kusifu kazi. Mdogo wangu alibaki nyuma tangu mzunguko wa kwanza. Alianguka. Akajipandisha juu kwa mikono, akaanguka tena. Mwalimu wa zamu alimsubiri pale pale.

"Una miguu kama ya ng'ombe wa maksai, halafu unajifanya mgonjwa," alimwambia. "Nchi hii haijengwi na makupe."

Akamchapa. Wenzake wakaanza kumwita Kupe, na jina hilo lilimfuata njia yote ya kurudi nyumbani. Mimi nilikuwa madarasa ya juu. Nilimbebea kitambaa chake cha madaftari, naye aliniuliza, "Dada, kupe si ana miguu mingi? Mbona mimi hii miwili tu inanishinda?" Hakuwa anatania. Alitaka kujua.

Tata hakupenda habari ya viboko. Alimpeleka zahanati, wakampa dawa ya minyoo. Alimrudisha, wakampa vidonge vya kuongeza damu. Mganga wa tatu alisema ni kupooza kwa watoto, ingawa mtoto hakuwahi kupata homa wala kulala ghafla akaamka bila miguu. Mwishowe tulielekezwa hospitali moja ambako walimtazama anavyokanyagia vidole, wakasema mishipa ya nyuma ya miguu imekaza, inahitaji kunyooshwa. Wakamfunga hogo miguu yote miwili, ile plasta ngumu nyeupe, kuanzia mapajani hadi kwenye vidole. Alilala nayo majuma mengi. Alikuwa na furaha. Alimwambia mama kwamba likikatwa tu atakimbia mpaka Muleba na kurudi.

Siku hogo lilipokatwa nilikuwepo. Miguu ilitoka imepauka. Wakamsimamisha kando ya kitanda, Tata upande huu na muuguzi upande ule, wakamwachia. Alianguka kama nguo inayoanguka kutoka kwenye kamba. Wakamwinua tena. Muuguzi alisema atapata nguvu polepole. Tata akambeba mgongoni kumrudisha nyumbani, na mdogo wangu hakutembea tena katika maisha yake.

Sasa ninajua kwamba kumlaza vile ndiko kulikommalizia nguvu alizokuwa nazo. Waliomfunga hawakuwa watu wabaya. Walitibu ugonjwa walioufahamu, kwa sababu ule aliokuwa nao hawakuwa wameuona.

Shangazi, dada yake Tata, alikuja kukaa kwetu siku chache. Alimtazama mtoto, akamtazama mama, akasema jambo hili si la hospitali. Akaenda kwa mfumu, mpiga ramli wa upande wa kwao, akarudi na jibu kwamba mtoto amekanyaga kitu kilichozikwa na mwanamke anayeishi upande wa jua linakotua. Upande huo aliishi mtu mmoja tu. Alikuwa mjane, jirani yetu na rafiki wa mama tangu mama alipoolewa. Sisi tulimwita Mama Mdogo. Moto ukizimika kwetu, tulikwenda kuomba kaa kwake. Chumvi ikimwishia, alikuja kwetu bila hata kupiga hodi. Ndizi za kwanza kuiva kwenye kibanja chake alikuwa akimletea mdogo wangu, kwa sababu alimhurumia.

Tata hakumwambia neno. Alichimba alfajiri kuzunguka nyumba akitafuta kitu hicho, hakukiona, na bado aliiziba kwa miiba njia iliyounganisha vibanja vyetu viwili. Mjane alikuja asubuhi na chano kichwani, akaikuta miiba, akasimama. Mama alikuwa ndani, anamwona kupitia mlangoni. Hakutoka. Nadhani hakuruhusiwa, au aliogopa, au labda kwa siku zile naye alikuwa ameanza kuamini. Serikali ilipotangaza kijiji kipya cha Ujamaa huko rweya, kwenye nyanda za nyasi ambako hakuna migomba na ambako watu wetu wengi walikataa kuhamia, mjane alikuwa mmoja wa wachache waliokwenda wenyewe bila kusukumwa. Aliacha kibanja cha mume wake, akaenda kuishi chini ya mabati mapya kwenye upepo.

Baada ya hapo palikuwa na kimya nyumbani. Mdogo wangu alikaa barazani kwenye kiti ambacho Tata alikikata miguu kuwa kifupi. Tulizoea kumbeba, kumgeuza, kumsogeza kulifuata jua. Mtu huzoea mengi. Kisha ikaja asubuhi ile.

Mama alikuwa akimenya ndizi. Kitindamimba alikuwa amekaa kwenye nyasi karibu na mafiga, akichezea maganda, naye Tata akamwita kutoka nje. Mtoto akageuka, akainama kwa mikono na magoti. Akanyoosha makalio juu. Akaweka mkono kwenye goti. Akaweka mwingine. Akajipandisha kwa mikono juu ya mapaja yake mpaka akasimama, akatoka nje mbio zake za kunyata.

Kisu kilibaki mkononi mwa mama. Alitoka kwa mlango wa nyuma akaingia migombani. Nilimsubiri, kisha nikamfuata. Nilimkuta amekumbatia mgomba, paji la uso likiwa kwenye gamba lake, analia bila sauti. Aliponiona alisema kwa Kihaya, "Mwana wange, ni wale wale." Nilimuuliza ni akina nani. Alifuta uso kwa kanga, akarudi jikoni.

Safari hii mama hakumsubiri shangazi wala mfumu. Alimwambia Tata kwamba anampeleka kitindamimba Bukoba, na kwamba mimi nitakwenda naye kwa sababu yeye Kiswahili hakijui. Tuliomba lifti kwenye lori la ushirika, tukapanda juu ya magunia ya kahawa. Mjini tulifikia Kashai, kwenye chumba cha kupanga cha binamu yake Tata. Kesho yake tulikwenda hospitali.

Daktari tuliyemkuta alikuwa kijana, Mtanzania kutoka mikoa ya kusini, ndiyo kwanza ametoka chuoni Dar es Salaam. Nilitegemea atamshika mtoto tumboni, amtazame ulimi, aandike dawa. Hakufanya hivyo. Alimwambia mtoto akae sakafuni, akasogea nyuma, akasema, "Haya, inuka uje unisalimie."

Kitindamimba akainuka kwa ile namna. Daktari akamwomba akae tena na kuinuka tena. Safari ya pili alichuchumaa kabisa ili amtazame vizuri. Akamshika vigimbi, akaviminya taratibu, kama Tata alivyokuwa akiviminya vya kaka yake mbele ya wageni, lakini yeye hakutabasamu.

"Kuna mwingine nyumbani?" aliuliza.

Nilimwambia habari za mdogo wangu. Nilipofika kwenye hogo, alifumba macho kidogo.

"Na mama yako," alisema, "muulize kama alikuwa na kaka au wadogo wa kiume waliokuwa hivi."

Nikamgeukia mama nikauliza kwa Kihaya. Mama alitazama chini. Daktari hakumharakisha. Nje wagonjwa walikuwa wakikohoa kwenye foleni. Kisha mama akazungumza kwa sauti ndogo, na mimi nikawa nasikia mambo hayo kwa mara ya kwanza pamoja na yule mgeni. Alikuwa na kaka wawili. Wote wawili walikuwa wakibebwa mgongoni. Wote walikufa kabla ya kuota ndevu. Bibi aliwaonya mabinti zake wasiwataje wakiolewa, kwa sababu nani angechukua mke kutoka nyumba ya viwete.

Daktari alivuta kiti akakaa karibu na mama badala ya kukaa upande wa pili wa meza.

"Mwambie polepole," aliniambia. "Mwambie ugonjwa huu nimeusoma, na nilipokuwa mwanafunzi nilimwona mtoto mmoja tu mwenye nao. Ni ugonjwa wa misuli. Misuli inakufa kidogo kidogo. Ule unene wa miguu si nguvu, ni mafuta na makovu yaliyochukua nafasi ya misuli. Si laana na hakuna aliyezika kitu. Mtoto huzaliwa nao."

Nilimwambia mama. Aliitikia kwa kichwa.

"Kuna vipimo vya kuhakikisha, lakini hapa hatuna. Mimi nina macho na maswali tu. Hata hivyo sina shaka." Akamtazama mama. "Mwambie ugonjwa unapita kwa mama. Mama mwenyewe haumwi, ila huweza kumpa mtoto wa kiume."

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Kihaya changu kilikuwa cha kutosha kwa kila kitu nilichowahi kutaka kusema, lakini hapo maneno yaliniishia. Kila nililolijaribu kichwani lilikuwa linasema, wewe ndiye unayewaua. Nilimwambia daktari siwezi. Hakunikaripia. Akamshika mama mkono na kumwambia yeye mwenyewe kwa Kiswahili chepesi, akionyesha kwa kidole tumbo la mama, kisha mtoto, kisha akitikisa kichwa na kuweka mkono wake kifuani. Mama alielewa. Alielewa kabla mimi sijafungua mdomo.

"Waitu daktari," alisema, na hilo ni neno letu la heshima. Kisha akaniambia nimuulize, "Nilifanya nini?"

"Hukufanya kitu, mama," daktari alijibu. "Hakuna ulichokula, hakuna ulichokosea. Ulizaliwa hivyo, kama ulivyozaliwa na macho yako."

Mama akauliza dawa. Hakukuwa na dawa. Daktari alitufundisha kumnyoosha mtoto nyayo asubuhi na jioni, polepole, ili vifundo visikaze. Alisema asifungwe hogo hata mtu aje na koti jeupe namna gani. Aachwe atembee maadamu anaweza. Kifua kilindwe na baridi. Tulipokuwa tunatoka aliniita nyuma. "Wewe na dada yako," alisema, "siku mkitaka kuolewa, msiache kuulizia ugonjwa huu hospitali. Huenda mnao ndani, huenda hamna. Leo siwezi kujua." Nikasema ndiyo. Njia nzima ya kurudi, juu ya lori tupu, nilikuwa nimemshika kitindamimba magotini na neno "huenda" likinizunguka kichwani.

Mama alimweleza Tata yote, jioni ile ile, mbele ya shangazi, aliyekuwa amekuja tena. Angeweza kuficha. Daktari alikuwa mbali na mimi ningenyamaza. Alisema ugonjwa umetoka kwao, akawataja kaka zake kwa majina yao. Shangazi alisimama.

"Basi mrudishe alikotoka," alimwambia Tata. "Uoe mwingine akuzalie watu wenye miguu."

Tata alikaa muda mrefu akimtazama mdogo wangu pale kwenye kiti chake kifupi. Mtoto alikuwa amesikia kila neno.

"Dada," Tata akasema, "kesho nitakusindikiza mpaka barabarani."

Shangazi aliondoka asubuhi, na Tata alipotoka kumsindikiza hakurudi moja kwa moja. Alikata mkungu wa ndizi akaubeba hadi rweya, kwenye kijiji kipya, kwa yule mjane. Mama alinisimulia baadaye alichoambiwa. Tata alipiga magoti mlangoni, mwanaume mzima, na watu wa kijiji wanaona. Mjane alipokea ndizi, akampa maji ya kunywa. Akamwambia amesamehe. Tata akamwomba arudi kwenye kibanja chake, akamwambia miiba ameshaiondoa. Mjane akajibu, "Bojo, tafadhali, niache tu hapa. Kila mtoto akikohoa huko, nitajiuliza mnanitazama vipi." Hakurudi. Mama alikwenda kumtembelea mara nyingi, wakakaa pamoja kwenye upepo, lakini njia ya kati ya vibanja iliota majani.

Mdogo wangu aliishi miaka kadhaa zaidi. Kulipokuja kampeni ya elimu ya watu wazima, balozi wa nyumba kumi alitafuta wa kufundisha kundi letu, na walimu hawakutosha. Yeye, ambaye shule aliiacha mapema, alikuwa amesoma kila karatasi iliyofika kwetu, hata magazeti ya kufungia sukari. Walimletea ubao barazani. Wazee waliketi chini mbele yake, na mimi niliporudi likizo kutoka chuo cha ualimu nilimkuta akiwasomesha a, e, i, o, u kwa ukali ambao ungemfurahisha yule mwalimu wa zamu. Tata alijifunza kuandika jina lake pale. Mama pia. Mikono ya mdogo wangu ilipochoka kuinua chaki, mama aliishika mikono hiyo na kuiinua hadi kwenye ubao, naye akaandika.

Alikufa kwa kifua, msimu wa senene, miezi michache tu kabla mizinga ya vita haijaanza kusikika kutoka kaskazini. Watoto wa jirani walikuwa nje wakikimbiza senene na kupiga kelele za furaha, naye aliomba mlango uachwe wazi awasikie. Alimwambia mama asilie kwa nguvu, kwamba watoto wataogopa. Mama alijizuia mpaka alipokata roho.

Kitindamimba hakufungwa hogo. Mama alimnyoosha nyayo asubuhi na jioni, bila kukosa hata siku ya mazishi ya kaka yake, na alitembea kwa miguu yake muda mrefu kuliko kaka yake alivyotembea. Hiyo ndiyo zawadi tuliyopata kwa kuujua ugonjwa. Ni zawadi ndogo. Yeye naye akaja akakaa kwenye kiti, na kifua chake nacho kikachoka. Tulimzika kando ya kaka yake, chini ya mibuni.

Kuna mwalimu mwenzangu aliyetaka kunioa. Alikuwa mtu mpole, Mlutheri, na alikuwa tayari kugombana na wazee wake kwa ajili yangu maana sisi ni Wakatoliki. Nilimweleza habari za wadogo zangu. Alisema tutaombea. Mimi nilikuwa nimemwona mama akiinua mikono ile hadi kwenye ubao, na nikajua sina nguvu hizo. Nilimkatalia. Alioa mwingine, akahamishiwa Biharamulo, na mimi nikafundisha watoto wa watu mpaka nikastaafu. Dada yangu aliolewa bila kuuliza, akapata mabinti watupu, akamshukuru Mungu.

Miaka ya karibuni mjukuu wa dada yangu, mvulana, alianza kukanyagia vidole. Mama yake alimpeleka hospitali kubwa, wakachukua damu, na kabla hajafikisha umri wa kuanza shule ugonjwa ulikuwa umejulikana kwa hakika, kutoka ndani kabisa ya damu, mahali ambapo macho ya yule daktari kijana yasingeweza kufika. Anapewa dawa. Haimponyi, inauchelewesha tu ugonjwa, lakini anatembea. Wakasema wanataka damu ya wanawake wote wa ukoo, hata sisi wazee, ili mabinti wajue. Nikatoa na yangu.

Majibu yalipokuja tulikwenda sote. Dada yangu anao. Binti zake wawili wanao. Mimi sina.

Daktari, mama wa makamo, aliniambia kwa upole, akidhani ananipa habari njema. Nilimshukuru. Tulitoka nje tukakaa kwenye benchi. Dada yangu alikuwa akilia, na nilidhani analilia binti zake, mpaka alipotamka.

"Dada, ungezaa," alisema. "Ungeweza kuzaa."

Mvulana alikuwa mbele yetu, akikanyaga mistari ya vigae kwa vidole vyake, akihesabu kwa sauti. Nikamwambia dada yangu anyanyuke, twende, mtoto amechoka.